Mgeni Mwenye Kope

Nimekulia katika nyumba ya mawe ya Mji Mkongwe, Unguja, ambayo kuta zake, mara taa ya chemni iwashwapo baada ya magharibi, zilijaa mijusi kafiri waliotoka katika nyufa za boriti kuja kuwinda wadudu waliovutwa na mwanga. Na kwa kuwa mwalimu wetu wa chuoni alikuwa ametusimulia kwamba kiumbe huyo ndiye aliyeupuliza moto wa Nabii Ibrahimu ili uzidi kuwaka, na kwamba amuuaye kwa pigo la kwanza huandikiwa thawabu nyingi kuliko amuuaye kwa pigo la pili, sisi watoto tulikuwa askari wa usiku wenye makubadhi mikononi, na mkia uliokatika ukabaki kufurukuta peke yake sakafuni tuliuhesabu kuwa nusu ya ushindi. Mjusi islamu, yule wa ngozi laini ing'aayo apitaye uani mchana kweupe, tulimwachia njia yake. Nayataja haya mapema ili msomaji ajue ni mtu wa namna gani aliyekabidhiwa, katika majira ya baridi yaliyopita, huko Leicester nchini Uingereza, amana ya kumtunza mjusi kwa muda wa wiki saba.

Mwenye mjusi ni mjukuu wangu, kijana wa miaka 19, ambaye masomo yake yalimlazimu kwenda kufanya kazi ya mazoezi katika mji mwingine, na chumba alichopangishiwa huko hakikuruhusu mnyama wa aina yoyote. Mama yake, binti yangu, ni muuguzi wa zamu za usiku, hurejea alfajiri akiwa hana nguvu hata ya kuvua viatu. Nilikuwa nimekwenda kuwazuru, sina shughuli, nakaa karibu na dirisha nikitazama mvua isiyokwisha. Kwa hiyo kura iliniangukia mimi bila kupigwa.

"Shikamoo, Babu," alisema kijana, na kabla sijamaliza kuitikia marahaba akaniwekea mkononi karatasi mbili zilizojaa saa, tarakimu na mistari myekundu. "Huyu hataki kubembelezwa. Anataka joto, maji na chakula chenye unga wake. Na kila Ijumaa umpime uzito uandike."

Mjusi mwenyewe huitwa Bizari, jina alilopewa na binti yangu kwa ajili ya manjano yake iliyokolea, juu yake yametawanyika madoa meusi kama ya chui, ambayo ndiyo yaliyompatia jina la kabila lake: mjusi chui. Urefu wake ni kama shibiri moja, na mkia wake, ambao kwa mjusi wa ukutani ni mwembamba wa kuchezacheza, kwake ni mnene kama kidole gumba, umegawanyika kwa mikunjo, nao ndio ghala lake. Humo huweka mafuta ya kuishia wakati wa njaa, kama ngamia katika nundu yake. Nimeambiwa kwamba akiwa mchanga hana doa hata moja, bali ana mikanda mipana myeusi na ya manjano, na mikanda hiyo huvunjikavunjika kadiri akuavyo, hata yakabaki madoa. Kwa hiyo utotoni yu karibu zaidi na punda milia kuliko chui, lakini majina hatuwapi watoto kwa rangi waliyozaliwa nayo.

Usiku wa kwanza nilikaa mbele ya sanduku lake la kioo nikamkagua kwa uadui wa zamani, na lililonishinda ni jambo dogo: alifumba macho. Mjusi kafiri hana kope. Jicho lake limefunikwa utando mwangavu usiofunguka kamwe, naye huusafisha kwa kuulamba kwa ulimi, ndiyo maana hata ukimwua ni kama bado anakutazama. Bizari ana kope, za juu na za chini, hufumba alalapo, hufumbua kwa uvivu aamkapo, na hupepesa akiingiwa na vumbi, kama mzee aliyeamshwa kwa ajili ya mgeni asiyemtaka. Tena nyayo zake hazina ile mikunjo yenye vinyweleo visivyoonekana ambavyo humshika mjusi wetu darini kichwa chini. Ana kucha tu, na kioo hawezi kukipanda. Na tundu la sikio lake li wazi kiasi kwamba, akisimama mbele ya taa, mwanga huingia sikio hili ukaonekana kwa sikio la pili, jambo ambalo kwa wanadamu husemwa kwa dhihaka na kwake ni kweli tupu.

Jamaa hii ya mijusi wenye kope haiko Asia peke yake. Katika nchi kavu zianzazo Somalia na Ethiopia, zikapita Kenya hata Tanzania, yuko ndugu yake mfupi mnene, aishiye kwa kujichimbia ardhini na kutoka usiku, ambaye wataalamu humwita Holodactylus africanus. Na mimi niliyepita nchi hizo mara nyingi kwa gari sikupata kumwona hata mara moja. Lakini kabila la Bizari asili yake ni Afghanistan, Pakistan na kaskazini magharibi ya India. Aliyemwandika katika vitabu vya elimu kwa mara ya kwanza, mwaka 1854, alikuwa Mwingereza Edward Blyth, mtunzaji wa makumbusho ya Jumuiya ya Kiasia ya Bengali katika Calcutta, na kielelezo alichokiandika kilitoka katika Milima ya Chumvi ya Punjab. Huko, katika majabali na nyika kavu, mchana mjusi huyu hujificha katika nyufa na chini ya mawe, na giza liingiapo hutoka kuwinda juu ya miamba ambayo bado inatoa joto la jua lililokwisha kuzama. Wanakijiji wa huko humwogopa wakimdhania kuwa ana sumu ya kuua, ilhali hana sumu hata chembe. Niliposoma hivyo niliona kwamba makubadhi yetu ya Unguja yalikuwa na wenzao Punjab.

Mjusi wa ukutani kwetu hakutuomba kitu. Joto alilipata kwa hewa, maji kwa umande, mbu kwa taa yetu, na hata siku tulipomwinda alikuwa na ufa wa kukimbilia. Nyumba yetu ilikuwa nchi yake kuliko ilivyokuwa yetu. Bizari hana nchi. Alizaliwa katika sanduku, na wazazi wake kadhalika, na wazazi wa hao; hajapata kuliona jabali; walakini mwili wake haujasahau hata neno moja la Punjab, na kila siku hudai haki zake kana kwamba mlima uko nje ya mlango. Kwa hiyo amfugaye hawi bwana wake, kama nilivyodhani. Hulazimika kuwa nchi yake, kazi ambayo ni ya masaa yote, kwa sababu nchi hailali wala haiendi matembezini.

La kwanza ni joto. Mjusi hana moto wake mwenyewe ndani ya mwili kama mimi na wewe. Joto hulikopa nje, na kwa joto hilo ndipo humeng'enya chakula, hukimbia na hushinda maradhi. Sanduku lake kwa hiyo lina pande mbili: upande mmoja, chini ya jiwe bapa, umetandikwa mkeka wa umeme unaofikisha joto nyuzi 32 za Selsiasi, na upande wa pili huachwa kwenye 25 au chini kidogo, ili yeye mwenyewe ahame kutoka huku kwenda kule kadiri ya haja yake. Kidude kidogo chenye waya huulinda mkeka usizidi. Mjukuu wangu alinieleza jambo nililolidhania mzaha mpaka nilipolithibitisha vitabuni: kwamba katika kabila hili joto huamua hata jinsia. Mayai, ambayo hutagwa mawili mawili, yakiatamiwa kwa nyuzi 26 hutoa karibu majike matupu. Yakiatamiwa kwa nyuzi 32 au 33, madume huwa wengi. Na yakipandishwa hadi 35 majike hurudi tena. Sisi tunaogombana majumbani kwa sababu ya kuzaliwa binti badala ya mwana tungepata mengi ya kusemezana na mjusi huyu.

Na katika joto ndipo nilipokosea kosa la kwanza. Mimi ni mtu niliyelelewa kuzima swichi. Katika nyumba yetu umeme ulipoingia, marehemu baba alizunguka kila usiku kabla ya kulala akizima kila kitufe alichokiona, na desturi hiyo imo vidoleni mwangu kama udhu. Usiku wa nne, nikipita kuelekea chumbani, niliona nyuma ya sanduku taa ndogo nyekundu ikiwaka bure, nikaizima, nikalala kwa raha ya mtu aliyeokoa fedha ya mwanawe. Asubuhi kipimajoto cha ndani kilisoma 16. Bizari alikuwa chini ya jiwe lake, rangi imefifia, miguu imekakamaa, tumbo limejaa chakula cha jana ambacho hakikuwa na moto wa kukiyeyusha. Nilipomgusa alikuwa baridi kama kokoto ya kisimani. Binti yangu, ambaye ndiyo kwanza anatoka zamu, aliutazama ukuta, akanitazama mimi, asiseme neno. Akachukua plasta nyeupe ya hospitali akaifunga ile swichi kama afungaye kidonda. Saa tatu baadaye, kiumbe alipopata moto, aliinua kichwa, akafumbua jicho moja. Plasta ile ipo mpaka leo.

La pili ni chakula, na hapa sitarefusha kwa ajili ya wasomaji wanaosoma gazeti mezani. Huyu hali majani wala matunda. Hula wadudu walio hai, hasa nyenje, na mara mojamoja mende wa kufugwa au mabuu wa mbawakawa wa unga. Nyenje huuzwa madukani kwa vijisanduku, kwa ukubwa, kama viatu, na kipimo ni kwamba mdudu asizidi upana wa nafasi iliyo kati ya macho ya mlaji. Kabla ya kupewa hutikiswa katika mfuko wenye unga wa kalsiamu, na siku nyingine uliochanganywa na vitamini D3, kwa maana mjusi akiukosa unga huo mifupa yake hulainika, taya hulegea, na miguu hupinda kwa matege yale yale tuliyoyaona kwa watoto waliokosa lishe na jua. Wafugaji wengine siku hizi huongeza taa dhaifu ya mionzi ya urujuanimno, nao wana hoja, kwa kuwa hata mnyama wa usiku huibia dakika chache za machweo. Nyenje waliosalia lazima watolewe, la sivyo usiku wao ndio humtafuna yeye.

Watatu kati yao walinitoroka. Mmoja alikaa nyuma ya friji siku tisa akiimba kila nilipoamka kwa tahajudi, na ijapokuwa niliapa kumtafuta, nakiri kwamba sikujitahidi sana. Katika nyumba ile ambayo usiku wake haukuwa na sauti yoyote ila ya mabomba ya maji moto, ilikuwa mara ya kwanza kusikia kitu kilichofanana na usiku wa kwetu.

Bizari awindapo hubadilika. Yule mvivu wa kope nzito huinuka juu ya miguu minne, huenda hatua kwa hatua, na kabla ya kuruka hutikisa ncha ya mkia kama paka. Kisha pigo moja, na kimya. Nilianza kukisogeza kiti karibu zaidi. Baadaye nilianza kumtoa. Hupandishwa mkononi bila kushikwa kwa nguvu, na mkia haushikwi abadani, kwani akihofu huuachia, ukabaki kufurukuta kama ile ya utotoni mwangu. Huota mwingine, lakini mwingine huo huwa mfupi, wa mviringo, ndani yake gegedu badala ya mfupa, na madoa yake hayafuati mpango wa kwanza. Baada ya kumshika hunawiwa mikono kwa sabuni, maana mijusi hubeba vijidudu vya salmonela bila wao kudhurika. Alipotulia katika kiganja changu kwa robo saa binti yangu alisema, "Baba, amekuzoea." Huenda. Mimi nadhani kiganja changu kilikuwa nyuzi 33 na meza ilikuwa 20, nami sikuona uchungu. Kwa mnyama wa namna hii kuchaguliwa kwa ajili ya joto lako ni kuchaguliwa kwa jambo la maana.

Sasa nije kwenye biashara yake, ambayo sikuipenda. Kwa kuwa kabila hili huzaa kwa wepesi kizuizini, wapenzi wake, hasa Marekani, wamewapandisha kwa kuchagua rangi kwa miongo mingi, hata wakapatikana weupe, wa chungwa, wasio na doa hata moja. Faida yake ni bayana: amnunuaye leo hauibii mlima wa Punjab. Lakini uzuri una gharama na mlipaji si mnunuzi. Iko aina iitwayo Enigma, ambayo wengi wao huzunguka wakipindisha kichwa, wakikosa shabaha ya mawindo, kwa hitilafu ya mishipa ya fahamu iliyofungamana na rangi yenyewe. Na iko Lemon Frost, iliyozuka Marekani mwaka 2012, manjano yake kana kwamba imepakwa theluji, ikauzwa kwa bei ya kito. Kisha wafugaji wakaona vinundu vyeupe ngozini mwa zaidi ya wanane katika kila kumi. Mwaka 2021 Longhua Guo na Leonid Kruglyak wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, pamoja na wenzao, walichapisha utafiti ulioielekeza lawama kwenye jeni iitwayo SPINT1: seli zile zile zinazotoa weupe wa kupendeza ndizo zinazogeuka kuwa saratani. Elimu imepata faida, kwa sababu jeni hiyo inahusiana pia na saratani ya ngozi ya binadamu. Mjusi hakupata kitu.

Nasi Waafrika Mashariki tusijitoe katika hesabu hii. Chini ya milima ya Uluguru, katika msitu wa Kimboza ulioota juu ya mawe ya chokaa, yuko mjusi mdogo ambaye dume lake ni buluu ya feruzi tangu kichwa hadi mkia, aliyeandikwa na Arthur Loveridge mwaka 1952 kwa jina la Lygodactylus williamsi, na ambaye hukaa katika vishada vya majani ya mikadi. Soko la Ulaya na Marekani lilipomgundua, wakamataji waliingia msituni na, ili kumfikia, walikata mikadi yenyewe. Kundi moja tu la wakamataji, kwa makadirio yaliyochapishwa, liliondoa zaidi ya 30,000 kati ya mwisho wa 2004 na katikati ya 2009. Biashara ya kimataifa ya wale wa porini ilikuja kupigwa marufuku mwaka 2017. Sijui mtu gani anaweza kuufanya mkono wake kuwa mkadi wa Kimboza, na kama ningeulizwa ningesema huyo asifugwe na yeyote. Wa madoa, aliyezoea sanduku kwa vizazi, ni habari nyingine. Hata yeye asinunuliwe kwa papara, maana huishi miaka 15, pengine 20, na mtoto wa miaka minane anunuliwaye mjusi kwa siku ya kuzaliwa huweza kufika siku ya harusi yake ilhali mjusi angali akidai nyenje.

Katikati ya Januari Bizari aliacha kula. Siku ya kwanza sikujali, ya tatu niliandika, ya sita nilimpigia simu mjukuu wangu usiku wa manane. Akanijibu kwa sauti ya usingizi kwamba wengi hufanya hivyo majira ya baridi, kwa kuwa huko kwao huu ni wakati wa kujifungia katika ufa, na kwamba maadamu mkia haujakonda nisimsumbue. Basi nikawa nautazama mkia. Mizani ya jikoni ilisoma gramu 61, kisha 60, kisha 59. Siku ya kumi na mbili, saa nne usiku, alimkamata nyenje mmoja huku mimi nikinywa uji, nami niliwaamsha watu wote.

Kosa la pili nimeliacha mwisho kwa sababu halikufutika. Ndani ya sanduku mna kijumba chenye kigoga kilicholoweshwa, mahali anapoingia kila baada ya wiki nne au zaidi ili ajivue ngozi, ambayo huifumua tangu kichwani na kuila yote asibakishe hata uzi. Mimi, mtu wa pwani ambaye maisha yangu yote nimepigana na unyevu uozeshao chokaa ukutani na vitabu sandukuni, nilipokiona kile kijumba kinatoka maji nilikiona uchafu. Nikakikausha kwa kitambaa, nikakianika juu ya bomba la moto, nikakirudisha kikavu. Akajivua katika ukavu. Ngozi ilitoka yote isipokuwa pete nyembamba, kama uzi wa kushonea, juu ya kidole cha tatu cha mguu wa kulia wa mbele, nami macho yangu hayakuiona mpaka ncha ya kidole ilipokuwa nyeusi. Tulimtia katika maji ya uvuguvugu, tukaisugua kwa pamba, ikatoka. Daktari wa wanyama alisema tumechelewa kwa siku tatu au nne. Sheria ya ustawi wa wanyama ya Uingereza, ya mwaka 2006, humtaka mwenye mnyama amtimizie mahitaji yake, na daktari alikuwa mpole kwa kutonitajia.

Kijana aliporejea hakuniuliza lolote. Alimchukua, akamgeuza penye taa, akahesabu vidole, akaona, akafunua daftari akasoma hati yangu kuanzia Ijumaa ya kwanza mpaka ya saba, pamoja na ukurasa wa swichi na ukurasa wa kidole, ambao niliuandika wote bila kujipendelea. Mimi nimekwisha rudi Unguja, naye hunitumia uzito kila Ijumaa baada ya sala, kwa simu. Wiki iliyopita ilikuwa gramu 64. Nilimuuliza habari za kidole. "Kimepona, Babu," aliandika, "ila ncha haitaota. Mkia ndio huota."